Iron Maiden: maswali ambayo watu hawachoki kuuliza

Ukionekana tu umevaa tisheti ya Iron Maiden, bendi ya hevi metali ya Uingereza, huku kwetu, maswali ni yaleyale, na majibu yanayozunguka mitaani mengi si ya kweli. Nimeyakusanya yanayoulizwa sana, sijayapanga kwa mwaka, nimeanza na linaloulizwa na kila mtu.

Hivi ni kweli hawa jamaa wanaabudu shetani?

Hapana. Na hili ndo linafanya watu wengi wasisikilize hata ngoma moja kwaiyo tulimalize kabisa. Chanzo ni albamu ya Machi 1982, The Number of the Beast. Steve Harris, mpiga besi na mwenye bendi, aliangalia filamu ya Damien: Omen II usiku akaja kuota ndoto mbaya, akaiandikia wimbo. Ukifuatilia maneno yake utaona ni mtu anasimulia alichokiona usiku na hana uhakika alikuwa macho au amelala, anaogopa, hakuna mahali anamsifia shetani. Yale maneno ya mwanzo kabla gitaa halijaingia ni mistari ya Biblia, Ufunuo wa Yohana, kasoma mwigizaji anaitwa Barry Clayton, wao walimtaka Vincent Price ila bei yake ikawashinda.

Walipopeleka ziara Marekani mwaka huohuo watu wa dini wakaandamana, rekodi zao zikachomwa moto hadharani, na wengine walipoona moshi wa zile sahani unaweza kuwadhuru wakaamua wazivunje kwa nyundo. Bendi ikajibu kwenye albamu iliyofuata, Piece of Mind ya 1983, na jibu lenyewe linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Kipindi kile kulikuwa na imani kwamba bendi za roki zinaficha ujumbe wa kishetani, kwamba ukiirudisha rekodi kinyumenyume utausikia. Sasa kabla Still Life haijaanza kuna sauti haieleweki kabisa, ukiigeuza unamkuta mpiga drams Nicko McBrain anaigiza sauti ya Idi Amin, ndio, Amin yule wa Uganda, anawaonya watu wasiingilie mambo wasiyoyajua, alafu anapiga mbweu. Hicho tu ndo kilichofichwa pale.

Na huyo Nicko ameokoka tangu 1999, akaendelea kupiga na bendi hiyohiyo miaka mingine 25.

Bendi ilianza lini na wapi?

Krismasi ya 1975, Leyton, mashariki mwa London. Steve Harris alikuwa na miaka 19. Utotoni alichezea timu ya vijana ya West Ham, baadae akafanya kazi ya kuchora ramani za majengo, na alikuwa kwenye bendi inaitwa Smiler ambayo wenzake walikuwa wanaziona nyimbo zake zina kona nyingi sana. Akatoka akaanzisha yake ambayo hakuna wa kumwambia apunguze kona, na ukisikiliza albamu ya 2021 utaona kona bado zipo.

Walikuwa wanapiga kwenye mabaa, Cart and Horses kule Stratford na Ruskin Arms kule East Ham, kipindi ambacho London nzima ni pank (roki fupi ya fujo) na makampuni ya rekodi yanataka pank.

Kwaiyo walitokaje kwenye mabaa?

Hii stori naipenda sana. Desemba 30 na 31 mwaka 1978 walienda studio ya Spaceward, Cambridge, wakarekodi demo ya nyimbo nne. Hela ya kununua tepu yenyewe ya masta, ile rekodi ya asili, hawakuwa nayo, wakaondoka na nakala, waliporudi baadae kuichukua wakakuta studio imeshaifuta. Ile nakala ndo ikabaki kuwa kila kitu. Wakampelekea Neal Kay, DJ aliyekuwa anapiga hevi metali kwenye ukumbi wake Kingsbury, akaipiga mpaka watu wakaanza kuiulizia. Novemba 1979 wakatoa nyimbo tatu kati ya zile kama The Soundhouse Tapes, nakala 5,000 tu, wakaziuza wenyewe kwa posta na zikaisha zote. Mwisho wa mwaka huohuo kampuni ya rekodi ya EMI ikawasainisha, na Aprili 1980 albamu ya kwanza ikatoka ikashika namba 4 Uingereza.

Shikilia hilo la posta maana ndo linaeleza miaka yote iliyofuata. Hawa watu toka mwanzo walijengwa na shabiki aliyenunua mwenyewe na kuja kwenye shoo mwenyewe, redio haikuwasaidia kivile na wao hawakuikimbiza.

Mbona wana waimbaji wengi? Wa kweli ni nani?

Waliorekodi albamu ni watatu tu. Kabla yao walipita Paul Day na Dennis Wilcock enzi za mabaa.

Paul Di'Anno ndo yupo kwenye albamu mbili za kwanza. Sauti ya mtaani, ya kukwaruza, ina ukali ambao Maiden hawajaupata tena, na kuna watu mpaka leo kwao bendi iliishia Killers ya 1981. Shida ilikuwa maisha ya ziara, alikunywa na kutumia vitu mpaka shoo zikaanza kuyumba, Septemba 1981 ikawa mwisho wake. Alifariki Oktoba 21, 2024 akiwa na miaka 66, na miaka ya mwisho alikuwa anaimba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hakuacha kuimba.

Bruce Dickinson akatolewa kwenye bendi ya Samson baada ya kumuona tamasha la Reading. Sauti kubwa, ya juu, inajaza uwanja. Kwenye The Number of the Beast jina lake halipo kwa waandishi wa nyimbo kwa sababu alikuwa bado amefungwa na mkataba wa Samson. Albamu hiyo ikaenda namba 1 Uingereza.

Blaze Bayley aliingia 1994 Bruce alipoondoka. Alibebeshwa lawama ambazo si zake. Sauti yake ipo chini, wakampa nyimbo zilizoandikwa kwa Bruce aziimbe kila usiku, koo likagoma na shoo zikafutwa. Na miaka ile metali yote ilikuwa imeporomoka, si Maiden peke yao. The X Factor ya 1995 ni albamu ya giza na huzuni na mimi naitetea bila kusita. Sign of the Cross imetoka humo, The Clansman imetoka kwenye iliyofuata, Virtual XI, na Bruce aliporudi nyimbo zote mbili aliendelea kuziimba stejini. Wimbo mbaya haurithiwi namna hiyo.

1999 Bruce akarudi na yupo mpaka leo.

Na wapiga gitaa watatu wa nini?

Hawakupanga. Miaka ya themanini walikuwa wawili, Dave Murray na Adrian Smith. Adrian akaondoka 1990 akaingia Janick Gers. 1999 Adrian akarudi pamoja na Bruce na badala ya kumfukuza Janick, Steve akasema wote wabaki, wakawa watu sita. Ukisikiliza Brave New World ya 2000, waliyorekodi Paris, vaa hedfoni, utasikia mmoja anashika ridhim na wawili wanapiga melodi sambamba. Ile melodi ya magitaa mawili yanayotembea pamoja, moja juu kidogo ya lingine, ndo alama ya Maiden, bendi nyingi sana za metali duniani zimeichukua pale.

Ule mdundo wao wa kukimbia unatoka wapi?

Kwenye vidole vya Steve Harris. Wengi wa metali wanapiga besi kwa piki (kile kipande kidogo cha plastiki), yeye anatumia vidole, kwenye besi aina ya Fender Precision yenye nembo ya West Ham. Ni noti moja ndefu na mbili fupi, moja ndefu na mbili fupi, bila kupumzika, mwendo wa farasi, na nyuzi anazigonga kwa nguvu mpaka unasikia ule mlio wa chuma kabla hata hujasikia noti yenyewe. Besi kwenye bendi nyingi hujificha nyuma ya magitaa, kwa Maiden ipo mbele kabisa, jaribu The Trooper uifuatilie besi peke yake.

Na nyuma yake Nicko alikuwa anapiga pedali moja ya mguu. Moja, karibu miaka yote, peku, hana viatu, wakati wapiga drams wengine wa metali walishahamia pedali mbili siku nyingi. Sikiliza mwanzo wa Where Eagles Dare uone mguu mmoja unafanya nini. Kabla yake alikuwepo Clive Burr, aliyepiga albamu tatu za kwanza, na wapo wanaosema yeye ndo mpiga drams bora waliyewahi kuwa naye. Baadae aliugua ugonjwa wa mishipa ya fahamu, bendi ikafanya shoo za kumchangia, akafariki Machi 2013.

Lile dude la kwenye kava ni nani?

Eddie. Mwanzoni ilikuwa sura tu, kinyago kilichotundikwa nyuma ya stejini enzi za mabaa, kinatema damu feki inayomwagikia mpiga drams. Walipopata EMI meneja wao Rod Smallwood akaona picha ya mchoraji Derek Riggs, maiti yenye macho makali kwenye barabara ya usiku, akamwomba aiongezee nywele isionekane ya pank, ikawa kava ya albamu ya kwanza. Singo (wimbo unaouzwa peke yake) iliyotangulia, Running Free, wakamuweka gizani tu asionekane sura ili albamu ndo imfunue.

Tangu hapo kila albamu Eddie anakuja na sura mpya, farao kwenye Powerslave, samurai kwenye Senjutsu, na stejini anatoka mwenyewe anatembea anapigana na Janick. Kuna kava ya singo ya Sanctuary ana kisu na aliyelala chini ni Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati huo, ile iliyouzwa Uingereza wakamziba macho.

Kava ya kuikalia chini ni Somewhere in Time ya 1986. Eddie nusu mashine mtaa wa siku zijazo, na kila bango, kila dirisha lina kitu kinachorejea kwenye nyimbo zao za nyuma. Saa imesimama 23:58, dakika mbili kabla ya usiku wa manane. Na kuna ubao wa matokeo unasema West Ham 7 Arsenal 3. Mashabiki wa Arsenal mnisamehe.

Nikwambie tu, Eddie amewapa hawa wazee kitu ambacho wasanii wachache wanacho. Wao wenyewe wanaweza kutembea mtaani bila kusumbuliwa maana sura inayojulikana ni ya Eddie, yeye hazeeki na hawezi kuacha bendi.

Nyimbo zao zinahusu nini kama si shetani?

Historia, vita, vitabu, filamu, ndege. The Trooper ni vita vya Balaklava mwaka 1854 kule Crimea, askari wa farasi wa Uingereza wanaelekezwa kwenye mizinga ya Warusi. Aces High ni marubani wa Uingereza kwenye vita vya pili vya dunia, 1940. Run to the Hills inasimulia kuvamiwa kwa wenyeji wa Marekani, inaanza kwa sauti ya aliyevamiwa alafu inahamia kwa wavamizi. Rime of the Ancient Mariner ni shairi la Coleridge la baharia aliyeua ndege na kuwaletea wenzake laana, karibu dakika 14, na kwa mtu aliyekulia na tenzi utaona ni jambo la kawaida kabisa, stori ndefu inaimbwa kwa utulivu beti baada ya beti na inakufundisha kitu. Kuna Empire of the Clouds ya 2015, dakika 18, Bruce anapiga piano, inahusu meli ya angani R101 ya Waingereza iliyoanguka Ufaransa Oktoba 1930 ikaua watu 48.

Ni ziara gani ilikuwa kubwa kuliko zote?

Kwa ukatili, ile ya Powerslave. Ilianzia Poland Agosti 1984, upande wa nchi za kikomunisti, wakati bendi za magharibi zilikuwa haziendi huko na steji nzima, ikaisha Julai 1985. Karibu miezi kumi na moja na shoo zaidi ya 180. Usiku kadhaa ukumbi wa Radio City New York, usiku nne Long Beach ambako walirekodi sehemu kubwa ya Live After Death, albamu yao ya shoo za moja kwa moja. Bruce alitoka pale amechoka kiasi cha kufikiria kuacha muziki, na kwenye albamu iliyofuata nyimbo alizoleta haikukubaliwa hata moja.

Katikati yake, Januari 11, 1985, walipiga Rock in Rio Brazil, na baada yao wakapanda Queen. Ndio, Queen ya Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Usiku ule Bruce alijigonga gitaa kwenye paji la uso wakati wa Revelations, damu ikamtiririka usoni mbele ya umati ule wote na akaendelea kuimba.

Eti mwimbaji ndo alikuwa anarusha ndege ya bendi?

Ni kweli kabisa na si mbwembwe za matangazo. Bruce ni rubani mwenye leseni ya ndege za abiria, alikuwa kapteni wa shirika la Astraeus, anarusha abiria wa kawaida kati ya ziara na ziara. Mwaka 2008 wakachukua Boeing 757, wakatoa viti vya nyuma wakaweka vyombo, bendi na mafundi wote wakapanda humohumo, wakaiita Ed Force One. Siku 45 wakazunguka karibu maili 50,000 wakianzia Mumbai.

Sababu ilikuwa ya hesabu. Ziara kubwa inasafirisha vifaa kwa malori na meli, ndo maana bendi zinazunguka Ulaya na Marekani tu, nchi iliyo mbali na nyingine inakula hela yote. Ndege moja yenye watu na vyombo pamoja inakufanya upige India leo na Australia keshokutwa. 2016 wakaja na kubwa zaidi, Boeing 747, ikapata ajali Chile iligongana na gari la kuivuta uwanjani, injini mbili zikaharibika na wafanyakazi wawili wa pale wakaumia, lakini ziara haikusimama.

Wamewahi kuja Afrika?

Afrika Kusini ndio, Mei 2016 walifika na ile 747, Cape Town na Johannesburg. Afrika Mashariki bado.

Bruce si alikuwa na kansa?

Alikuwa nayo, kwenye ulimi. Iligundulika mwisho wa 2014 baada ya kumaliza kurekodi The Book of Souls, yaani unachosikia mle kwenye albamu ya saa moja na nusu ni mtu anaimba na uvimbe mdomoni bila kujua. Akapigwa mionzi na kemo, Mei 2015 akaambiwa amepona, mwaka uliofuata yupo angani na stejini. Ni mtu wa namna hiyo. Desemba 1994 aliingia Sarajevo, Bosnia, kwa barabara ya milimani katikati ya vita, mji umezingirwa, akawapigia watu shoo na bendi yake binafsi.

Kama redio haziwapigi wameuzaje hivyo?

Hesabu inayotajwa na upande wa bendi ni rekodi zaidi ya milioni 100. Ona mfano huu, Desemba 24, 1990 walitoa singo ya Bring Your Daughter to the Slaughter, wiki ya baada ya sikukuu ambayo mauzo huwa yamelala, mashabiki wote wakaingia madukani kwa pamoja na ikamtoa Cliff Richard na wimbo wake wa Krismasi kwenye namba 1. Kiukweli kuna nyimbo nyingi za Maiden bora kuliko huo, na albamu yake No Prayer for the Dying ina sauti kavu, walirekodi nyumbani kwa Steve na inasikika hivyo. Lakini inakuonyesha nguvu ipo wapi. Baadae hata posta ya Uingereza ikawatolea stempu, Januari 2023, na Eddie akiwemo.

Nicko bado anapiga?

Ziara ameacha. Januari 2023 alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza kwa kiasi, na miezi michache baadae alikuwa amerudi kwenye drams, ila baadhi ya mambo ya kasi mkono ulikataa. Shoo yake ya mwisho ni São Paulo Desemba 7, 2024. Aliyechukua kiti ni Simon Dawson, aliyekuwa anapiga na Steve kwenye bendi yake nyingine ya British Lion. Naye alianza na ziara ya miaka 50 ya bendi, Run For Your Lives, iliyofunguliwa Budapest Mei 2025 wakipiga nyimbo za albamu tisa za kwanza tu. Juni 28 wakapiga London Stadium, uwanja wa West Ham. Meneja aliwaomba watu waweke simu mfukoni waangalie shoo kwa macho na mi namuunga mkono.

Nianzie albamu gani?

Usianze na za dakika 80. Anza na The Number of the Beast, alafu Powerslave, kisha Seventh Son of a Seventh Son ya 1988 ambayo wameongeza kinanda na kwangu mimi hiyo ndo bora kuliko zote. Ukizipenda hizo rudi nyuma kwa Di'Anno ukasikilize Killers, baada ya hapo ruka mpaka Brave New World. Za Blaze ziache za mwisho, sio kwa ubaya, zinahitaji mtu aliyeshazoea. Na Fear of the Dark usiisikilize ya studio kwanza, tafuta ya Rock in Rio ya 2001, pale ambapo umati wa Brazil unaimba hadi sehemu za gitaa.